"Tumehama Lini?": Uhakiki wa Picha Pana za Mbalamwezi Kutoka Majengo, Dodoma

Sehemu hii ya tasinifu inahakiki picha mbili za nchi moja. Zote mbili zilipigwa usiku kwa mwanga wa mwezi mpevu, kutoka juu ya mwamba mmoja ulio nje kidogo ya jiji la Dodoma, na zote mbili zilichapwa katika studio ndogo iliyo jirani na Soko la Majengo, ambako kazi ya kila siku ni picha za pasipoti, za mahafali na za harusi. Ya kwanza ilitundikwa ukutani mwa studio hiyo kwa muda mrefu. Ina urefu wa takribani mita mbili na kimo kisichofika nusu mita, na inaonesha uwanda, mibuyu, vilima vya mawe na anga la buluu lenye nyota. Ya pili ilipigwa baadaye, kwa sababu ya swali lililoulizwa mbele ya ile ya kwanza. Mpigapicha ni yuleyule. Mimi mwenyewe nilikuwapo mara zote mbili, nikishika tochi na kuhesabu sekunde. Kwa hiyo msomaji azingatie kwamba mhakiki huyu si shahidi asiye na upande.

Swali liliulizwa na bibi mmoja, muuza mlenda sokoni hapo, aliyeingia studio kupiga picha ndogo ya kuambatisha kwenye fomu. Akiwa anasubiri picha zake zikatwe, alisogea ukutani, akaitazama ile picha pana kutoka kushoto hadi kulia bila kusema neno, kisha akauliza ilipigwa wapi. Alipotajiwa ule mwamba alicheka, kwa kuwa anaishi chini yake. Akarudi kuitazama kwa karibu zaidi, akaweka kidole kando ya mbuyu wa tatu kutoka kushoto, na akamwambia mpigapicha: "Hapa pana nyumba saba, mwanangu. Kwani tumehama lini?"

Mpigapicha alimjibu kwa heshima: "Hamjahama, bibi. Ni usiku tu." Jibu hilo halikumridhisha, wala halikuniridhisha mimi, kwa kuwa usiku hauondoi nyumba. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba picha pana ya mbalamwezi, inapopigwa kwa namna inayosifiwa zaidi, huwaondoa watu katika nchi yao. Kuondolewa huko hakutokani na bahati mbaya, bali na namna kamera inavyokusanya mwanga na namna mpigapicha anavyochagua kuutumia muda wake juu ya mwamba. Uhakiki unaoishia kwenye uzuri wa mandhari, kwa hiyo, unakuwa umeiacha kazi yake nusu njia.

Mwanga wa mwezi na jicho la kamera

Mwezi hauna mwanga wake. Unatupa juu yetu mwanga wa jua uliogonga vumbi na mawe yake. Mwanga wa mwezi mpevu ni hafifu kuliko wa jua la mchana kwa takribani mara 400,000. Mwezi wa nusu nao hautoi nusu ya mwanga wa mwezi mpevu kama inavyodhaniwa, bali kiasi cha sehemu moja ya kumi tu, na ndiyo sababu wapigapicha wa usiku husubiri siku mbili tatu za katikati ya mwezi na kuziacha nyingine zipite.

Jicho la binadamu katika mwanga kama huo hupoteza rangi. Seli zinazotambua rangi hushindwa kufanya kazi, na zile zinazobaki hutambua weusi na weupe peke yake. Jan Purkyně, mwanasayansi wa karne ya 19, alibainisha kwamba giza linapoingia rangi nyekundu hufifia kabla ya buluu. Udongo mwekundu wa Ugogo, ambao mchana humshangaza mgeni, usiku wa mbalamwezi huwa kijivu kwa kila anayeukanyaga. Kamera haina udhaifu huo. Ikiachwa wazi kwa muda wa kutosha hukusanya mwanga kidogo kidogo hadi udongo unarudi kuwa mwekundu, majani yanarudi kuwa kijani na anga linakuwa la buluu, kwa kuwa mwanga wa mwezi nao hutawanywa na hewa kama ule wa jua.

Hivyo ndivyo picha ya kwanza ilivyopatikana. Iliunganishwa kutoka fremu nane, kila moja ikiwa imepokea mwanga kwa dakika tatu, tundu la lenzi likiwa f/4 na usikivu wa kamera ukiwa umewekwa chini kabisa, ISO 100. Pamoja na kugeuza kamera na kukagua, kazi ilichukua zaidi ya nusu saa. Matokeo yake ni picha safi isiyo na chembechembe, inayoonekana kama imepigwa saa nne asubuhi, isipokuwa kwamba asubuhi hiyo ina nyota.

Katika tasinifu nyingi za Kiswahili nadharia ya simiotiki hutumika kuhakiki ushairi na riwaya. Sioni sababu ya kutoitumia hapa, kwa kuwa Charles Sanders Peirce (1839–1914) aliitaja picha ya kamera waziwazi. Kwake, ikoni ni ishara inayofanana na kitu inachokiwakilisha, na indeksi ni ishara iliyofungamana nacho kwa sababu halisi, kama moshi na moto au unyayo na mguu. Picha ya kawaida ya mchana ni vyote viwili kwa pamoja: imesababishwa na kitu hicho, na inafanana nacho. Tumezoea umoja huo hata hatuuoni tena. Picha ya mbalamwezi huuvunja. Kama indeksi, picha ya kwanza ni ya kweli tupu: hakuna mwanga ndani yake isipokuwa ule ulioanguka juu ya uwanda ule usiku ule. Kama ikoni, inamfanya mtazamaji aone mchana. Mpigapicha anaweza kuapa kwamba hakubadilisha kitu, na kiapo chake kikawa sahihi, huku mtazamaji akiwa amepotoshwa.

Yapo pia makosa ya upande wa pili, na yana heshima kubwa katika historia ya sanaa hii. Mwaka 1941 Ansel Adams alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Wengi huikumbuka kama picha ya usiku. Wanaastronomia waliokokotoa mahali pa mwezi walithibitisha kwamba ilipigwa tarehe 1 Novemba mwaka huo, yapata saa 10:49 jioni, na kwamba misalaba ya makaburini inang'ara kwa jua lililokuwa linatua. Weusi wa anga ulitengenezwa katika chumba cha giza, na kwa jinsi miaka ilivyopita Adams alizidi kuukoleza katika nakala zake. Kabla yake, mwaka 1904, Edward Steichen alikuwa amechapa picha ya bwawa na mwezi nyuma ya miti huko Mamaroneck, New York, akiipa rangi kwa matabaka ya gundi aliyoyapaka kwa mkono. Nakala yake moja iliuzwa mwaka 2006 kwa zaidi ya dola milioni 2.9. Picha hizo mbili zinafanana na usiku kuliko picha ya studio ya Majengo inavyofanana nao, ingawa usiku uliomo ndani yake umetokana zaidi na mkono wa msanii kuliko na mwezi. Kwa maneno ya Peirce, ikoni imelindwa na indeksi imelegezwa.

Aliye karibu zaidi na mpigapicha wetu ni Darren Almond wa Uingereza, ambaye tangu mwaka 1998 amekuwa akipiga mandhari za nchi mbalimbali wakati wa mwezi mpevu, akiiacha kamera wazi kwa robo saa au zaidi. Maji ya bahari katika picha zake hugeuka kuwa ukungu, na dunia nzima huonekana kama haijapata kukaliwa. Wahakiki husifu utulivu huo. Nami niliusifu, mpaka siku ya bibi wa mlenda.

Nani anayefutika

Mwaka 1838, jijini Paris, Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye barabara ya Boulevard du Temple. Barabara hiyo ilikuwa na pilikapilika, lakini kamera ilihitaji dakika kadhaa kupata mwanga wa kutosha, na hivyo magari ya farasi na wapita njia wote walitoweka. Alibaki mtu mmoja, anayeonekana kuwa amesimama kung'arishiwa viatu. Tangu mwanzo wake, basi, picha ya muda mrefu imekuwa na kanuni ya nani anayebaki: hubaki asiyetembea.

Kanuni hiyo inapopelekwa Ugogo usiku wa mbalamwezi huwa kali zaidi, kwa kuwa huo ndio usiku ambao watu hutoka. Usiku wa giza mtu hubaki karibu na moto au taa. Mwezi ukiwa mpevu watoto huchezea uwanjani, jirani huenda kwa jirani, na anayerudi kutoka mnadani hana haja ya tochi. Katika dakika zile tatu za fremu ya nne, mimi niliyekuwa juu ya mwamba niliwaona kwa macho yangu watu wanne wakipita njiani na mbwa wao, na nikasikia mazungumzo yao. Ndani ya picha hawamo. Hawakufutwa na programu ya kompyuta. Hawakukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuhesabiwa na kamera.

Nyumba zina maelezo mengine. Kati ya nyumba saba alizozitaja bibi, tatu ni tembe, nyumba za asili za Wagogo zilizo fupi, zenye kuta za udongo na paa bapa lililofunikwa kwa udongo uleule. Mchana huonekana kwa vivuli vyake. Usiku ule tulipiga picha karibu na saa sita, mwezi ukiwa umekaribia utosi, na vivuli vilikuwa vimejikunja chini ya kuta. Paa la udongo juu ya ardhi ya udongo, bila kivuli, si rahisi kulitenga. Nyumba nne zilizobaki zina mabati, na bati likipigwa na mwezi kwa dakika tatu hung'aa mpaka umbo lake hupotea. Wateja wa studio walidhani ni madimbwi. Mmoja, mkazi wa Dodoma, aliuliza maji hayo yametoka wapi wakati wa kiangazi, naye mpigapicha hakuwa na jibu mpaka bibi alipokuja.

Hapa ndipo upana wa picha unapoingia katika hoja. Panorama haikuzaliwa ikiwa picha ya kamera. Robert Barker alipata hataza ya mchoro wa mviringo mwaka 1787, na ahadi yake ilikuwa kumsimamisha mtazamaji mahali pa juu ili aone yote kwa mara moja. Mtazamo wa namna hiyo unampa mtu furaha, na pia unampa mamlaka fulani: anayeona yote huanza kupanga yote. Uwanda wa kati wa Tanzania unayajua matokeo ya mtazamo huo. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulikagua nchi kwa ajili ya mradi wa karanga, sehemu kubwa ya ukaguzi huo ukifanywa kwa ndege, na kutoka juu nchi ya Kongwa ilionekana kuwa wazi, tayari kwa matrekta. Ukataji wa miti ulianza mwaka 1947. Mizizi ya mibuyu, udongo unaokauka na kuwa mgumu kama saruji, na mvua isiyotabirika vilikuwa vinajulikana kwa waliokuwa wakilima mtama na uwele huko. Serikali ya Uingereza iliuacha mradi mwaka 1951, ikiwa imepoteza takribani pauni milioni 36.

Simlinganishi mpigapicha wa Majengo na serikali ya kikoloni. Angecheka, na angekuwa na haki. Ninachosema ni kwamba macho hurithiwa. Picha yake ilipendwa na nani? Wateja wake wakubwa, kwa maelezo yake mwenyewe, walikuwa watu wa viwanja. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na zaidi tangu utekelezaji wake uliposhika kasi mwaka 2016 na Dodoma kutangazwa kuwa jiji mwaka 2018, ardhi iliyo pembezoni mwa mji imekuwa ikipimwa na kuuzwa. Nakala moja ya picha hii niliikuta ikiwa imetundikwa katika ofisi ya dalali, chini yake yakiwa yameandikwa maneno ya kuwakaribisha wanunuzi katika eneo lililo wazi. Mle ndani mna nyumba saba. Dalali hakudanganya kwa maneno yake tu. Picha ilikuwa imeshamsaidia.

Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi mzaliwa wa Ugogo, alipochapisha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, aliisimulia nchi hiyo kupitia koo, watemi na mahali walikotoka. Nchi katika maandishi yake ni orodha ya watu kabla ya kuwa sura ya ardhi. Peter Rigby naye, katika utafiti wake wa mwaka 1969, alionesha kwamba nchi kwa Wagogo ilikuwa eneo la kiibada lenye mtemi wake, aliyebeba dhamana ya mvua. Kwa mtazamo huo, kauli ya kwamba picha inaonesha nchi bila watu inajipinga yenyewe: kilichoonekana ni ardhi na miti, na nchi haijaonekana bado. Swali la bibi linatoka katika maana hiyo ya neno. Aidha, yeye ni wa kizazi kilichohamishwa katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971. Neno kuhama kinywani mwake halikuwa mzaha mtupu.

Picha ya pili

Tulirudi juu ya mwamba mwezi mwingine, safari hii tukiwa tumewaarifu wenyeji. Mpigapicha aliazima lenzi yenye tundu la f/1.8 na kuupandisha usikivu wa kamera hadi ISO 6400, jambo ambalo asingelifanya kwa hiari yake, kwa kuwa huleta chembechembe. Muda wa kila fremu ulishuka kutoka dakika tatu hadi sekunde moja. Picha nzima, ya fremu kumi na mbili, ilikamilika kabla ya dakika moja kwisha.

Kwa vigezo vya kawaida vya fani hii, picha ya pili ni dhaifu. Anga lina chembechembe kama mchanga. Mibuyu iliyo mbali haina kingo kali. Rangi ni chache, na upande wa kulia ni giza. Lakini giza hilo linafanana na lile tulilolikalia: anayeitazama anajua ni usiku bila kuambiwa. Na watu wamo. Wapo wawili wameketi mlangoni, sura zao hazitambuliki ila mikao yao inatambulika. Pana doa jekundu la makaa ya jiko. Pana uso wa kijana uliomulikwa na simu. Mabati yamerudi kuwa mapaa.

Kasoro moja ilizua mjadala mrefu kati yangu na mpigapicha. Mtoto mmoja anaonekana mara mbili. Alikuwa kando ya ua wakati wa fremu ya tano, akakimbia upande ule kamera ilikokuwa inaelekea, akasimama chini ya mbuyu kabla ya fremu ya saba. Mpigapicha alitaka kumfuta mmoja. Alisema mteja ataona ni kosa la fundi, na kwamba jina la studio ni mali yake pekee. Nilimweleza kwamba picha ya kwanza nayo ina kosa lilelile, ila limejificha: katika nusu saa na zaidi mwezi ulisogea angani zaidi ya digrii saba, yaani kama mara kumi na tano ya upana wake wenyewe, na ndiyo maana kivuli cha mbuyu wa kwanza na cha mbuyu wa mwisho havikubaliani. Hakuna picha pana ya mbalamwezi iliyo ya dakika moja tu ya ulimwengu. Zote zimeshonwa kwa vipande vya muda. Mtoto anayejirudia anauonesha mshono ambao picha safi huuficha, na mhakiki anayetaka ukweli wa indeksi hana budi kumtaka abaki.

Mpigapicha hakukubali hoja yote, naye alikuwa na jibu zito: mtoto huyo hakuwa wawili. Ikiwa nalalamika kwamba picha ya kwanza imepunguza watu, kwa nini niridhike na picha inayowaongeza? Sina jibu kamili. Nadhani kuna tofauti kati ya kosa linaloweza kugunduliwa na yeyote anayetazama na kosa linalohitaji mwenyeji aje kulifichua. Kosa la kwanza lina dawa ndani ya picha yenyewe. La pili linategemea bibi aingie studio siku hiyo na si siku nyingine. Tulikubaliana mtoto abaki katika nakala ya utafiti, na kwa nakala za kuuza aamue mwenye studio. Kufikia wakati wa kuandika sehemu hii alikuwa hajauza hata moja, ilhali ile ya kwanza inaendelea kuagizwa.

Bibi alipewa nakala ya picha ya pili. Aliwatambua wawili wa mlangoni kwa mikao yao, akamtambua mtoto na kusema ndivyo alivyo, hatulii. Kisha akahesabu nyumba kwa kidole. Zilikuwa sita. Tembe ya kaka yake, iliyo nyuma ya mbuyu wa tatu, haikuonekana hata safari hii, kwa sababu tulikuwa tumerudia kosa la kupiga mwezi ukiwa juu. Inahitaji mwezi wa pembeni, yapata saa moja na nusu usiku, wakati kivuli cha ukuta kinapolala chini na kufika mbali. Mpigapicha ameandika saa hiyo nyuma ya kalenda ya studio, kando ya tarehe ya mwezi mpevu unaofuata.